Mwenye nyumba amefariki na amri ya kumtoa mpangaji imeshatoka: nani aitekeleze?

Msomaji wa Lamu ameniandikia hivi, nami nimemfupishia kidogo:

"Assalaam aleikum, wakili. Mimi ni wa Langoni. Marehemu baba alimkodisha mtu duka la chini ya nyumba yetu kwa zaidi ya miaka kumi, bila mkataba wa kuandikwa. Kodi ilipolimbikizana, baba alimpa ilani, wakafika mbele ya Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara, na baba akapata amri kwamba mpangaji atoke na alipe deni. Miezi minne baadaye baba akafariki kabla hajamtoa. Sasa ni mwezi wa tisa tangu amri itoke. Mpangaji hajatulipa hata senti, amemwingiza fundi simu upande wa nyuma, na tukimwambia atoke hujibu: 'Aliyenishtaki yuko kaburini, kesi yake imekwenda naye.' Ami yangu, ambaye alikuwa akimkusanyia baba kodi kwa barua ya uwakala, asema mwenye mamlaka ni yeye. Kaka yangu ataka tubadilishe kufuli usiku mmoja tumalize. Warithi ni mama, mke mdogo wa baba, wana wawili na mabinti watatu. Kaka mmoja yuko Maskati. Je, amri ingali na nguvu? Na nani kati yetu awezaye kuitekeleza? Nimekutumia picha ya amri."

Waaleikum salaam, mwanangu. Pole kwa msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu mzazi wenu.

Alilolisema mpangaji wenu si kweli, ila limekaa jirani sana na kweli, ndiyo maana linawayumbisha. Ziko kesi ambazo kwa sheria za Kenya huzikwa pamoja na mwenyewe. Mtu aliyemshtaki mwenziwe kwa kumkashifu akifa, kesi ile imekwisha. Na iko kanuni nyingine, ambayo nadhani ndiyo aliyoinyaka katika maongezi ya vibarazani: kesi ikiwa bado inasikizwa, mdai akafariki, na mwaka mzima ukapita bila mtu kuomba aingizwe mahali pake, kesi huanguka yenyewe. Nimeona familia zikipoteza mashamba kwa mwaka huo mmoja. Lakini hiyo yahusu kesi ambayo haijaamuliwa. Yenu imeamuliwa baba akiwa hai, akiwa mbele ya Baraza kwa miguu yake. Kanuni za kesi za madai zenyewe zasema kwamba sharti hilo la mwaka haligusi utekelezaji wa hukumu. Baba yenu aliacha amri iliyokwisha kutoka, na amri hiyo ni sehemu ya tarika, yaani mali aliyoiacha marehemu, kama lilivyo duka lenyewe.

Kilichokufa ni mkono ulioishika. Hapo ndipo kazi yenu ilipo, na hapo ndipo ami yako na kaka yako wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa njia yake.

Nianze na ami, kwa sababu yeye ni mkubwa na nisingependa mgombane naye. Uwakala aliopewa na marehemu ulikuwa halali, na kodi alizokusanya baba akiwa hai alizikusanya kwa haki. Lakini wakala ni kivuli cha aliyemtuma. Pumzi ya marehemu ilipokatika, uwakala nao ulikatika saa ile ile, hata kama karatasi ina muhuri wa wakili na stempu za serikali. Na si ami peke yake. Wakili aliyemsimamia baba yenu mbele ya Baraza naye hana tena mteja katika jambo hilo mpaka mtu mwenye mamlaka ya kisheria ampe kazi upya. Watu wengi hawalijui hili, na hata sisi mawakili tuna wenzetu wanaolisahau. Nilishuhudia miaka iliyopita bidhaa za mpangaji zikitolewa nje kwa maombi yaliyowekwa kwa jina la mwenye nyumba aliyekuwa ameshazikwa tangu mwezi wa Mfungo Sita. Magunia ya mchele yalikaa uchochoroni, mvua ikanyesha. Wiki iliyofuata mpangaji alileta kortini nakala ya cheti cha kifo, zoezi zima likafutwa, akarudishwa dukani na gharama za kesi akalipwa. Familia ilianza upya na mpangaji ambaye sasa alikuwa na haki ya kununa.

Basi nani? Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, yasema anayesimama mahali pa marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyepewa barua na korti, na huyo ndiye awezaye kufuatilia madai yote aliyoacha marehemu. Hapa huwa naulizwa na watu wa Lamu: sisi ni Waislamu, sheria hiyo yatuhusu nini? Swali ni zuri. Katika kugawa mali haiwahusu. Muislamu hugawiwa kwa sharia, na kifungu cha 2 kimelitamka hilo. Lakini kifungu hicho hicho kimeongeza kwamba sehemu ya sheria inayohusu usimamizi wa mirathi itatumika kwa Muislamu pia, pale isipopingana na sharia. Kwa hiyo nani apate nini ni la Qurani na Kadhi atalitamka. Nani awe na sahihi ya kwenda kortini, bengini na kwa mpangaji, hilo lapitia barua za usimamizi, kile kitu watu huku huita saksesheni.

Barua hizo mwaweza kuziomba kwa Kadhi wa Lamu. Ibara ya 170 ya Katiba yampa Kadhi mamlaka ya mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wote wamekubali kusimama mbele yake. Neno "wote" hapo mlizingatie. Mke mdogo, kwa mfano, akisema hataki, basi mtakwenda korti ya hakimu au Mahakama Kuu, na huko pia mtagawiwa kwa sharia. Ila mjue mpaka wa Kadhi. Atatamka warithi, atatamka mafungu, atawapa wasimamizi. Mpangaji hamtoi. Ugomvi wa kodi hauko katika kazi zake, hata mpangaji awe ni imamu. Kila mwaka hunijia mtu ofisini ameshika karatasi ya Kadhi yenye majina ya warithi akidhani ndiyo ya kumtolea mpangaji.

Sasa kuna barua za aina mbili, na katika hali yenu tofauti yake ni muhimu.

Iko ile finyu, ya kuendeshea kesi tu, ambayo makarani wa korti huiita adilitemu. Hutolewa upesi, kwa sababu haimpi mtu mali ya marehemu, yampa mdomo wa kusemea ndani ya kesi. Mwenye barua hiyo kwa kawaida aweza kuingia mahali pa baba yenu na kuisukuma ile amri. Lakini hawezi kupokea kodi kama yake, hawezi kumpangisha mtu mwingine, hawezi kugawa. Na iko ile kamili. Katika korti ya hakimu au Mahakama Kuu ombi lake hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, watu wakapewa siku 30 za kupinga, kisha barua hutolewa. Baada ya miezi sita ndipo huthibitishwa kwa ajili ya kugawa. Usitishike na hiyo miezi sita. Kwa kumtoa mpangaji na kudai deni hamhitaji uthibitisho. Barua yenyewe yatosha. Uthibitisho ni wa kugawana, na kabla yake nyumba haiwezi kuuzwa.

Mimi ningewashauri muombe ile kamili moja kwa moja, isipokuwa mpangaji awe anahamisha vitu usiku au anabomoa. Barua finyu ina utamu wa haraka, halafu mwatoa mpangaji na duka lakaa tupu kwa sababu hakuna mwenye mamlaka ya kulipangisha. Lakini mkiona mambo yamechacha, anzeni na finyu na kamili ifuate nyuma. Si haramu kufanya vyote viwili.

Jambo moja zaidi kuhusu barua, na hili ndilo linalowaponza wengi. Marehemu akiwa ameacha wasia na amemtaja msimamizi, mamlaka ya msimamizi huyo yakishathibitishwa na korti huhesabiwa tangu siku ya kifo. Asipoacha wasia, mamlaka ya msimamizi huanza siku ile barua ilipotolewa, wala hayarudi nyuma hata siku moja. Mwaikumbuka kesi ya mazishi ya S.M. Otieno, iliyoitikisa nchi mwaka 1987? Watu huikumbuka kwa ugomvi wa wapi azikwe, Ngong alikotaka mjane wake au Nyalgunga kwao. Sisi mawakili twaitumia mpaka leo kwa jambo jingine kabisa lililosemwa mle na Mahakama ya Rufani: mtu hawezi kushtaki kama msimamizi kabla hajapata barua, na akifanya hivyo kesi yake ni batili tangu mwanzo wake. Kwa hiyo msiweke ombi lolote leo mkisema barua zitakuja nyuma. Barua kwanza.

Nani awe msimamizi? Sheria yaruhusu wasiozidi wanne. Ninyi mko saba. Kama kuna mtoto aliye chini ya miaka 18, wawe angalau wawili. Kwa mawazo yangu, mama yako, mke mdogo na mmoja wenu mliopo Lamu wangetosha. Najua kumweka mke mdogo huenda kukawa na uchungu kwa mama, lakini mjane aliyeachwa nje ndiye anayepeleka pingamizi siku ya 29. Wa Maskati atie sahihi karatasi ya kukubali mbele ya ofisa anayetambulika wa kuthibitisha sahihi, kisha ailete. Picha ya simu haitoshi. Mtahitaji cheti cha kifo, barua ya chifu inayowataja warithi wote bila kumficha yeyote, vitambulisho, na karatasi za nyumba.

Karatasi za nyumba. Hapa nakuomba ukae chini, kwa sababu Lamu si Nakuru. Nyumba nyingi za Mkomani na Langoni bado ziko kwa jina la babu aliyekufa zamani, hazikuwahi kurithishwa kwa maandishi, watu wamekaa tu vizazi vitatu. Mpangaji akija na hoja kwamba hati haina jina la baba yenu, msitetemeke: kwa Sura ya 301, ile sheria ya wenye nyumba na wapangaji wa biashara, mwenye nyumba ni yule mwenye haki ya kupokea kodi kutoka kwa mpangaji huyo, na Sheria ya Ushahidi humzuia mpangaji kukana haki ya mtu aliyemkodisha. Amemlipa baba yenu miaka kumi, hawezi leo kumuuliza hati. Lakini kama nyumba ni wakfu, mambo ni mengine kabisa. Mali ya wakfu hairithiwi. Aliyekuwa akipokea kodi alipokea kama mutawalli, yaani msimamizi wa wakfu, na anayechukua nafasi yake ni mutawalli mwingine kwa mujibu wa maandishi ya wakfu na Tume ya Wakfu. Barua ya mirathi haitawafaa kitu. Waulizeni wazee kabla ya kulipa ada yoyote. Hati za wakfu hapo kwenu nimezikuta ndani ya misahafu, ndani ya kasha la mkaja wa bibi, na mara moja nyuma ya kioo cha picha ya harusi.

Turudi kwenye amri. Picha uliyonitumia nimeikuza. Karatasi imekunjwa mara nne, kona moja imelowa, na chini kuna muhuri mmoja wa zambarau wa Baraza. Nimetafuta wa pili sikuuona. Huo wa pili ndio ninaoutaka: muhuri wa korti. Amri ya Baraza yenyewe haina dalali wala polisi wake. Kifungu cha 14 cha Sura ya 301 chasema nakala iliyothibitishwa ipelekwe katika korti yenye mamlaka na mmoja wa waliokuwa kwenye kesi, Baraza lijulishwe, na hapo amri hutekelezwa kana kwamba ni hukumu ya korti hiyo. Kwa ninavyoona baba yenu alifariki kabla ya kufika hatua hiyo. Basi safari yenu ni hii: barua za usimamizi zikitoka, mwarudi mbele ya Baraza kuomba msimamizi aandikwe mahali pa marehemu, mwachukua nakala iliyothibitishwa ya amri pamoja na ya mabadiliko hayo, mwaisajili katika korti ya hakimu Lamu, ndipo mwaomba hati ya kumtoa. Kama nimekosea na muhuri wa pili uko upande wa nyuma wa karatasi, mwaruka hatua ya Baraza na kuomba mabadiliko hapo hapo kortini.

Muda? Hukumu ya korti yaweza kutekelezwa ndani ya miaka 12, kwa hiyo usikimbizwe na mtu. Lakini ukipita mwaka mmoja tangu hukumu kabla hamjaomba utekelezaji, korti haitoi hati moja kwa moja. Humwita kwanza anayedaiwa aje aeleze kwa nini isitekelezwe. Mwito huo si mwisho wa dunia, ila humpa mpangaji wenu jukwaa jingine na tarehe nyingine. Aliyetaka kukata rufaa alipewa siku 30, kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo kwa upande wetu iko hapa Malindi. Siku hizo zimepita, ingawa aweza kuomba kuongezewa muda, na kifo cha baba yenu asikitumie kama sababu yake. Hakuna aliyemzuia kukata rufaa miezi ile minne.

Siku ya kutoa yenyewe hufanywa na dalali wa korti mwenye leseni, ameshika hati yenye jina la msimamizi. Hapo jina ndilo kila kitu. Likiwa bado ni la marehemu, mwambieni arudi alikotoka. Akihofia fujo, huomba korti amri ya polisi wasimamie. Atafungua daftari, atahesabu: viti vitano, friji moja, kaunta ya mbao, sufuria, mizani, kila kitu kitaandikwa na mpangaji ataombwa atie sahihi. Ninyi kaeni darini au dakani kwa jirani, msiguse hata kikombe. Kwa vile gari haliingii uchochoroni kwenu, pangeni mapema na wenye punda na mahamali, maana nimeona zoezi likikwama adhuhuri kwa sababu ya friji moja isiyokuwa na wa kuibeba. Fundi simu wa nyuma asiwasumbue akili. Aliingia kupitia mpangaji, baada ya amri, hana haki zaidi ya aliyemwingiza. Hata hivyo mtajeni katika ombi lenu kama mtu aliyemo ndani, ili asije akakimbilia kortini jioni ile akisema yeye hakuambiwa.

Kaka yako nimemwacha makusudi. Mwambie hivi, kwa maneno yangu. Kufuli unayotaka kuiweka usiku itakuwa kufuli ya mtu asiye na mamlaka juu ya mali ya marehemu. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Mirathi kinaitwa na wanasheria kifungu cha kuingilia mali ya maiti: anayeshika, anayeuza au anayejitia katika mali hiyo bila barua ametenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na mbali na hilo, mpangaji akikuta asubuhi duka limefungwa atakwenda kwa Baraza na kupata amri ya kufunguliwa siku ile ile, na kuanzia hapo ninyi ndio mtakaokuwa wakosaji. Atadai simu ishirini zilizopotea na fedha taslimu zilizokuwa drooni. Nani atakayembishia, na kufuli ni yenu? Kukata maji au umeme ni mlango ule ule. Leo mna amri mkononi na mpangaji hana kitu. Usiku mmoja wa hasira waweza kuwafanya mbadilishane naye nafasi.

Na kodi ya miezi hii? Mpangaji hakai bure. Deni lililokuwa limefika kabla ya kifo ni mali ya tarika, na fidia ya kila mwezi aliokaa baada ya amri pia ni ya tarika. Lakini msikubali kupokea chochote sasa hivi kwa jina la kodi. Atakapoona msimamizi ameandikwa, utamwona anakuja na shilingi elfu mbili za "kodi ya mwezi huu" na tabasamu. Mkiipokea na kumwandikia risiti ya kodi, mwampa hoja kwamba mmemkodisha upya na amri ya zamani imekwisha. Akileta pesa, apokee msimamizi peke yake, na risiti iandikwe kwamba ni fidia ya kukaa bila haki, bila kuathiri amri ya kutoka. Maneno hayo yaandikwe katika risiti ya kila mara, siyo ya kwanza tu.

Mgawo wake ni mwepesi kuliko mnavyoogopa. Kwanza hutoka gharama za maziko na madeni, na humo imo mahari ambayo huenda marehemu hakuwa amemalizia kwa mama yako au kwa mke mdogo. Hilo ni deni kama deni jingine. Kisha wasia kama upo, usiozidi theluthi. Kilichobaki, ikiwa wazazi wa marehemu walitangulia, wake wawili wagawana thumuni moja, yaani sehemu moja ya nane, na saba zilizosalia ni za watoto, mwana mafungu mawili na binti fungu moja. Kwa hesabu yenu imetokea kusawazika vizuri ajabu. Zikikusanywa shilingi 160,000 safi, kila mjane apata 10,000, kila binti 20,000, kila mwana 40,000. Ami hana fungu hapo kwa sababu wana wapo, na nadhani kwa kuwa yeye mwenyewe ni mtu wa msikitini analijua.

Nakuja sasa kwenye swali ambalo hukuniuliza, na ningependa ulijibu kabla hujapanda basi la Mokowe kuja huku. Umeandika kwamba mpangaji hajawalipa hata senti. Ninyi. Je, ami? Alizoea kupita dukani kila mwisho wa mwezi miaka mingi, na kitabu cha risiti yuko nacho yeye. Muulize kwa upole, ukiwa na mama yako, si mbele ya kaka yako, kama tangu mazishi amewahi kupokea kitu chochote, hata kiwe kidogo, na kama aliandika risiti ameandika nini juu yake. Kama alipokea, hakuna aliyesema ameiba; pesa ataikabidhi kwa msimamizi. Lakini nataka kuiona risiti hiyo mimi kabla mpangaji hajaitoa mfukoni mwake mbele ya hakimu. Kitabu chote kije, pamoja na vile vishina vya zamani, na karatasi ya amri yenyewe, siyo picha.